Mgongo wa Kalinga

Siku Blandina anafika Ilomba, Ndalahwa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, vidole vyote kumi amevizamisha kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akisubiri maumivu yapungue. Saruji ilikuwa imemla. Ngozi ya ncha za vidole ilishapasuka ikapona, ikapasuka tena, mpaka ikawa ngumu kama kwato, na ikifika baridi ya Mbeya, mwezi wa sita na wa saba, mipasuko ile ilifunguka yenyewe hata kabla hajagusa kazi. Mganga wa zahanati alimwambia achague, vidole au saruji. Ndalahwa akamshukuru vizuri, akarudi nyumbani, akakoroga saruji. Mtu wa miaka sitini na miwili aliyelishwa na kazi moja zaidi ya miaka kumi hachagui. Anaendelea tu mpaka mwili umshinde.

Uani pake, kando ya barabara ya vumbi, walisimama simba wanne, twiga mmoja aliyekatika shingo, na ng'ombe. Simba ndio waliokuwa wakitoka. Wenye nyumba za kulala wageni waliwataka wawili wawili, mmoja huku wa geti na mwingine kule, wote wameachama. Shida ni kwamba Ndalahwa katika maisha yake alimwona simba mara mbili tu, na mara zote mbili simba alikuwa anaondoka na ndama wa baba yake. Kwa hiyo simba wake kwa nyuma walikuwa simba kweli, nyonga zimejaa, mkia umekaa panapostahili, lakini mbele walikuwa na nyuso za watu waliokosea nyumba.

Mzee Karan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliyemuuzia saruji miaka yote hiyo, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Ndalahwa, simba wako mbele ni kondoo," alimwambia. "Ila nikitokea nyuma naogopa." Lakini Mzee Karan huyohuyo ndiye mteja pekee ambaye kila alipofika uani alimzunguka kila mnyama, taratibu, mikono nyuma, hata kama alikuwa amekuja kwa jambo jingine. Kwao hekaluni, alieleza, sanamu huzungukwa. Picha unaitazama umesimama mahali pamoja, ukichoka unaondoka. Sanamu lazima uipe na miguu yako. Ndalahwa alilipenda sana neno hilo, ila hakumwambia, maana mzee yule angejivuna mwezi mzima.

Sababu ya nyuso kumshinda haikuwa siri. Ndalahwa alikulia nyuma ya ng'ombe. Wazazi wake walishuka na mifugo kutoka Usukumani mpaka bonde la Usangu yeye akiwa na miaka kumi, na tangu siku waliyofika alipewa fimbo. Mchungaji hatembei mbele. Anachokiona kutwa ni mikia, mapaja, viuno, na namna kila mmoja anavyoutupa mguu wake. Ng'ombe wa baba yake walipita mia, naye alimjua kila mmoja kwa nyuma, na uso wa ng'ombe aliuona tu pale ng'ombe alipogeuka kumuuliza anataka nini. Halafu ukaja ugonjwa wa mapafu, ukame ukafuata, zizi likabaki na mavi makavu. Akaja mjini na mkewe Kulwa, akawa saidia fundi, akajifunza nondo, wavu na lipu. Siku moja akachukua saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa watu, akamtengeneza ng'ombe aliyemkumbuka zaidi ya wote.

Ng'ombe huyo ndiye aliyemsimamisha Blandina. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mwembamba, amejifunga shuka la baridi mabegani, anatoka Kilolo, kule Iringa, anakwenda nyumbani kwa binti yake aliyeolewa mtaa wa pili. Alipofika nyuma ya ng'ombe alitua kikapu chake.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Huyu naye mbona mmemwacha juani, na mimba ya miezi saba?"

Ndalahwa akatoa vidole kwenye mafuta. Miaka kumi na mmoja ng'ombe yule alikuwa amesimama pale na mimba yake ya miezi saba, ubavu wa kulia umejaa chini kidogo kuliko wa kushoto, kama inavyokuwa. Watu walimpiga picha, watoto walimpanda, mbwa walimkojolea miguuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ubavu ule. Alikuwa ameshakata tamaa ya kuonwa. Sasa amekuja mama kutoka Kilolo na kikapu cha njegere, na swali lake la kwanza ni hilo. Ndalahwa alitaka kucheka, akajifuta mafuta kwenye suruali.

"Ni wa saruji, mama."

"Naona ni wa saruji. Nimeuliza mimba."

Basi akaketi, wakaongea, na hapo ndipo alipoeleza haja yake. Mume wake, Kalinga, alifariki mwaka uliopita mwezi wa nane. Mwezi wa nane ujao, mahindi yakishaingia ndani, ukoo ungekusanyika kujengea kaburi, padri aje, watu wapate chakula. Yeye alitaka mume wake asimame pale kaburini, mzima mzima, kimo chake. Shemeji yake Jailos, mdogo wa marehemu, hakutaka kusikia habari hiyo. Alitaka vigae na msalaba kama makaburi ya watu wengine. Wakabishana mpaka wakakubaliana hivi: sanamu itengenezwe, siku ya shughuli ukoo uje uitazame. Wakimtambua Kalinga, atabaki. Wasipomtambua, Jailos atamvunja kwa nyundo, vipande viwe kifusi cha msingi wa kaburi lake mwenyewe.

"Na atavunja," Blandina alisema. "Shemeji yangu hajui utani."

"Mama, mimi sifanyi watu. Sura zinanishinda."

Blandina akatazama chini. Alipoongea tena sauti ilikuwa imepungua.

"Hata mimi zinanishinda, fundi. Mwaka mmoja tu, na sura ya mume wangu siioni tena. Nafumba macho namtafuta, sipati kitu. Nimekaa naye miaka thelathini na nane. Mke gani mimi?" Akalivuta shuka mabegani. "Nikimpata hata wa saruji, sitampoteza mara ya pili."

Kulwa alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, amesikia yote. "Baba Nashoni," alisema, "vidole."

"Hii ya mwisho," Ndalahwa akamjibu.

Kulwa alikuwa amesikia habari ya kazi ya mwisho kwa simba wa Makongolosi, na kwa tai wa kule Uyole, na kwa yule twiga. Alimaliza kupepeta, kisha akaenda kutafuta masweta, maana Kilolo alikuwa anaisikia tu kwa baridi yake.

Nayo haikuwa ya kusingiziwa. Walifika katikati ya mwezi wa saba, na wiki ya kwanza jua lilionekana saa nne asubuhi, tena kwa kusitasita. Ukungu ulilala kwenye mashamba mpaka umande ukawa unadondoka kwenye migomba kama mvua. Maji ya kukorogea saruji yalikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Blandina aliwapa chumba cha nje chenye jiko la mkaa, na kila asubuhi Ndalahwa alianza siku kwa kukaa kando ya jiko lile, mikono imenyooshwa, mpaka vidole vikubali kukunjika. Kulwa hakumharakisha. Alichekecha mchanga wa mtoni, akapima karai moja la saruji kwa matatu ya mchanga, akakoroga, na kwa mlio wa koleo peke yake alijua kama maji yamezidi.

Vitu vya marehemu vilivyobaki vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kitambulisho cha mpiga kura, na picha yake ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, mtu ametoa macho kama aliyekatazwa kupepesa. Cha pili kilikuwa koti.

Lilikuwa koti zito la kahawia, la mtumba, lililovaliwa baridi baada ya baridi. Lilikuwa bado linaning'inia msumarini sebuleni, na hata likiwa tupu lilikuwa na mtu ndani. Kalinga alikuwa mpasua mbao. Ujana wake wote, na utu uzima wake pia, alizibeba mbao begani kutoka msituni mpaka barabarani, na koti liliiandika kazi hiyo yote. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, bitana yake imelika karibu na shingo, na kitambaa cha mgongoni kilivutika kuelekea kulia pale mtu alipokuwa akikwepesha shingo kuupisha ubao. Ndalahwa alisimamisha nondo uani, akazifunga wavu, akalitundika koti lile juu yake, kisha akarudi nyuma hatua kumi na kutazama. Akamsoma Kalinga kama alivyokuwa akisoma ng'ombe wa baba yake.

Mgongo ulimchukua siku mbili. Sijui nieleze vipi siku zile, maana Ndalahwa mwenyewe hakuweza kuzieleza. Saruji ina saa yake. Ukiiwahi mno inamwagika, ukiichelewa inakukataa, na kati ya hapo kuna kipindi kifupi ambacho inakubali kila unachoiambia. Katika kipindi hicho mikono yake haikuuma. Aliliteremsha bega, akakijaza kisogo, akalikunja koti kiunoni, akauweka uzito wa mtu kwenye mguu wa kulia na ule wa kushoto akauacha ukianza kunyanyuka kisigino, mtu anaondoka. Kulwa alileta saruji na kuondoa karai bila kuulizwa. Jioni ya siku ya pili waliufunika mgongo ule kwa magunia ya maji ili usikauke haraka ukapasuka, na Ndalahwa akalala bila kula, amechoka mpaka kwenye meno.

Uso ulimchukua wiki tatu.

Aliuchonga kwa kufuata kile kitambulisho, na jioni Blandina alipotoka kwenye shughuli zake alikuja kusimama mbele, mikono kwapani, akatazama muda mrefu. "Sijui, fundi," alisema. Ndalahwa angeweza kuvumilia akiambiwa si yeye. Mtu akikwambia pua ndefu, unapunguza pua. Lakini "sijui" unaifanyia nini? Akauvunja uso kwa tindo, akaanza upya, akayaingiza macho ndani. "Sijui." Akauvunja tena. Wa tatu aliupa mashavu ya mtu mwenye njaa, kwa sababu Blandina alikumbuka kwamba mwishoni hakuwa anakula. Blandina akasimama mbele yake siku mbili mfululizo. "Sijui, baba. Usinikasirikie."

Kufikia hapo damu ilikuwa inatoka kwenye vidole viwili na kuingia kwenye kazi. Ndalahwa alianza kuukasirikia uso ule kama mtu anayemdhulumu. Aliketi uani na kujiuliza ni kichaa gani kilichomleta huku, kwenye baridi ya watu, kufanya jambo ambalo hata nyumbani kwake lilimshinda. Alikuwa amechoka na nyuso. Alikuwa amechoka pia na kujifanya hajachoka, maana Kulwa akijua angemfungia mizigo siku hiyohiyo.

Jioni moja alimuuliza Blandina waziwazi. "Mama, huyu mzee alikuwaje? Akicheka, akikasirika, uso unakwendaje?"

Blandina alifikiri, kisha akasema kwa aibu, "Fundi, sisi hatukulelewa kumkodolea mume macho. Nikimpelekea maji natazama maji. Nikimpa chakula natazama chakula. Na tukienda shamba, yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Ndivyo tulivyoishi. Sasa nimekuwa mzee ndiyo naona sikumtazama."

Maneno hayo yangetosha kumwamsha mtu mwingine yeyote, tena mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Lakini uchovu ni pazia zito. Ndalahwa alitikisa kichwa kwa huruma, akaendelea kufikiria pua.

Siku iliyofuata, adhuhuri, alikuwa amekaa mbele ya sanamu na Kulwa, wanakula viazi vya kuchemsha. Blandina alikuwa ameshuka shamba la bondeni kukusanya mabua. Njia ya kutoka kule hupandia nyuma ya nyumba na kuingilia uani kwa mgongoni mwa sanamu, na kawaida alikuwa akikatisha kwa jirani, lakini siku hiyo jirani alikuwa ameanika maharage njiani. Akaja kwa huku. Walimwona akitokeza na furushi la mabua kichwani. Alipofika kama hatua kumi nyuma ya sanamu, alisimama.

Hakutua mzigo. Alisimama tu, mkono mmoja umeshika furushi, mwingine kiunoni, anahema polepole, macho yametulia mahali pamoja. Walidhani amechoka na mlima. Ikapita dakika, ikapita nyingine. Mwishowe Kulwa akainuka.

"Mama, tua mzigo basi."

"Namsubiri aanze kwenda," Blandina akajibu.

Alilisema kwa kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha alisikia alichokisema. Furushi likamponyoka, mabua yakatawanyika uani, naye akaja mpaka kwenye sanamu akaweka kiganja kwenye bega lile lililoshuka, akaupitisha mkono mgongoni hadi kiunoni, mara moja, mara mbili, kama anayekung'uta vumbi la mbao. Akalia. Alilia kwa sauti ambayo majirani waliisikia wakaja, na katikati ya kilio alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba kumbe hakumsahau. Kumbe hakumsahau. Alikuwa anamtafuta kwa mbele, mahali ambapo hakuwahi kuwa naye.

Ndalahwa alibaki na kiazi mkononi. Wiki tatu alizopoteza kwenye uso zilimpita machoni, akajiona mjinga wa mwisho. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko ujinga, na alifurahi waziwazi, mtu mzima, machozi yanaingia kwenye ndevu.

Uso hakuubadilisha tena. Aliulainisha kidogo tu, akauacha uso wa mzee yeyote.

Siku moja kabla ya shughuli, wanaume kumi na wawili waliibeba sanamu kwa miti mpaka kaburini, juu kidogo ya nyumba, mahali ambapo njia inaishia kwenye ukingo na mbele yake ni bonde tupu. Waliiweka kama watu wote wanavyojua kuweka sanamu, uso kwa wanaokuja. Blandina akawaambia waigeuze.

Wakatazamana. Mmoja akamweleza kwa upole, akidhani mama hajaelewa, kwamba hivyo Kalinga atawapa wageni mgongo, na padri pia, na mtu anayekupa mgongo amekutukana. Blandina akasema anaelewa vizuri, waigeuze. Wakamtazama fundi. Ndalahwa akasema kazi ni ya mama. Basi wakaigeuza huku wananung'unika, na kabla saruji ya miguuni haijakauka habari ilikuwa imefika kwa Jailos.

Alikuja kesho yake na nyundo begani.

Ndalahwa alikuwa amesimama pembeni na Kulwa, chini ya miti ya misindano, mahali pa watu ambao si wa ukoo. Aliwaona wakipanda kwa mstari, njia ikiwa nyembamba: Jailos mbele, mtu mfupi mpana wa miaka hamsini na kitu, suti nyeusi na ile nyundo ya kuvunjia mawe, nyuma yake wajomba, shangazi, watoto wa marehemu, padri katikati. Jailos alikuwa anaongea tangu chini. Alikuwa anasema kwamba hata akiwa hai kaka yake hakuwahi kumpa mtu mgongo, na kwamba Msukuma mmoja wa ng'ombe hawezi kuja kuwafundisha adabu za makaburi yao, na kwamba vigae viko tayari kwenye gari. Ndalahwa alitazama mikono yake, akawaza kwamba hii ikivunjwa hana mikono ya kutengeneza nyingine.

Jailos akamaliza mlima. Akainua macho.

Alikuwa katikati ya neno, na neno likabaki nusu. Hatua zake zilipungua, zikawa fupi, na waliokuwa nyuma yake ikabidi wapunguze pia, mpaka mstari mzima ukawa unakwenda mwendo mmoja, mwendo wa watu wanaofuata mzigo. Hatua kama sita kutoka kwenye sanamu alisimama. Wote wakasimama. Hakuna aliyepita mbele kutazama uso.

"Lile bega," Jailos alisema.

Blandina alikuwa ameshafika ubavuni pake. "Ndiyo, shemeji."

"Tulikuwa tunabeba ubao mmoja watu wawili. Yeye mbele, mimi nyuma." Alikuwa anaongea na mgongo, si na Blandina. "Huku kwetu kuteremka ni kwingi, na mkiteremka uzito wote unamwendea wa mbele. Nilikuwa najua. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa najua. Kila siku nilikimbilia kushika mwisho wa nyuma, naye hakunisema hata siku moja."

Shangazi mmoja akaanza kulia. Jailos aliishusha nyundo, akailaza kwenye majani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akavua kofia.

"Huyu ni kaka yangu," aliwaambia walio nyuma yake. "Padri, tuendelee."

Ibada ikaendelea. Baada ya hapo watu walikula, wakanywa, na mmoja mmoja wakawa wanapanda tena kule juu kuigusa sanamu mgongoni, wazee kwa kiganja, watoto kwa kidole. Mpaka saa nane bega la saruji lilikuwa limeshaanza kung'aa. Fundi hakutajwa kwenye hotuba yoyote, ila Jailos alimletea sahani ya nyama kwa mikono yake mwenyewe, akakaa naye mpaka akaimaliza. Ndalahwa alikula kila kipande. Aliona kwamba katika maisha yake watu walishamlipa kwa vitu vikubwa zaidi, lakini hawajawahi kumlipa vizuri hivyo.

Saa tisa yeye na Kulwa waliteremka kuwahi gari la Iringa. Ndalahwa alitangulia na mfuko wa vyuma begani, mwiko, tindo, nyundo ndogo na mkasi wa wavu. Kulwa alifuata na beseni la njegere walizopewa. Njia ilikuwa na utelezi. Kila baada ya hatua chache mfuko ule ulimvuta upande, naye alijinyoosha upesi, akaimba hata wimbo kidogo, ili nyuma kusionekane kitu.

Walipofika nusu ya mteremko alisema, bila kugeuka, "Mama Nashoni, hebu pita wewe mbele."

"Hapana. Mimi huku nyuma nina kazi."

"Kazi gani?"

"Kukutazama."

Akaendelea hatua tatu, nne.

"Tangu masika ya mwaka juzi," Kulwa alisema nyuma yake, sauti yake ya kila siku, "mkono wa kulia huurushi tena ukitembea. Mwaka huu umeanza kuburuta mguu, ukidhani sipo unaburuta zaidi. Na huo wimbo unauimba tu ukiumwa. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Ndalahwa akasimama. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelinung'unikia jiji zima la Mbeya kwamba hawana macho, hawawezi kuona hata mimba ya ng'ombe. Alitaka kumwambia mkewe kwamba safari hii kweli ndiyo ya mwisho, ila maneno hayo alikuwa ameshayatumia mpaka yakaisha. Akabaki anatazama bonde, mabega yakashuka yenyewe, yote mawili.

"Nimechoka, Kulwa," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipopata mtoto.

"Najua."

Kulwa alitua beseni, akauchukua mfuko wa vyuma begani mwa mume wake, akauvaa yeye, kisha akajitwika beseni tena. Hakupita mbele.

"Twende," akasema. "Taratibu."

Ndalahwa akaanza kutembea, akiburuta mguu wake.